Asali ya Bi Semeni Haijaiva

Hapo zamani za kale, nyegere alipokuwa na nyumba yenye kufuli na ndovu akivaa kanzu siku za sherehe, aliishi nyuki bambi mmoja jina lake Bi Semeni. Nawaomba msimchanganye na nyuki wa mzinga. Wale wanakaa maelfu kwa maelfu, wana malkia, wana fujo. Bambi ni yule mnene, mweusi tii, mwenye mkanda wa manjano mgongoni, anayepita karibu na sikio akivuma, vuuuuum, mpaka mtu mzima anaacha viatu akakimbia. Eti mnamkimbia! Mtu ana shughuli zake, wala hana habari na nyinyi.

Bi Semeni alikuwa fundi wa mbao. Alikuta gogo kavu la mkorosho limelala kando ya njia, akaligongagonga, akalitegea sikio, akasema, "Hili hili." Akaanza kulitoboa kwa meno yake. Kwaru, kwaru, kwaru! Mlango ukatoka mviringo kama umepimwa kwa pete. Kisha akakata kona huko ndani, akachimba ukumbi mrefu, na unga wa mbao ukawa unamwagika nje mpaka ukafanya kichuguu chini ya gogo.

Ndani ya ukumbi akapanga vyumba. Kila chumba akakiwekea mkate wa chavua, yaani ule unga wa manjano wa maua, alioukanda kwa maji matamu ya maua hayo hayo. Juu ya mkate akataga yai moja, akaziba ukuta, akaenda chumba cha pili. Mtoto mmoja, chumba kimoja, mkate mmoja. Nyinyi mnaolala wanne kitanda kimoja mkivutana shuka, mnasikia?

Asali ya akiba hakuwa nayo. Hata kijiko kimoja. Bambi hawajengi masega, hawajazi mitungi. Anachopata leo anakula leo, na kinachobaki ni mkate wa watoto. Hilo likumbukeni, maana kuna mtu hakulijua.

Mumewe aliitwa Feruzi. Feruzi alikuwa rangi ya dhahabu mwili mzima, mzuri wa kutazama, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuelea mbele ya mlango na kumtisha kila apitaye. Akipita kipepeo, vuum! Likipita jani limepeperushwa na upepo, vuum! "Rudi nyuma! Nitakuchoma mimi!"

Angechoma na nini? Dume la nyuki halina mwiba. Feruzi alijua, na mkewe alijua, ila walikubaliana yasitoke nje ya nyumba.

Sasa, mtaa wa pili alikaa Nyegere, jina lake Mbaruku. Huyo sasa! Ngozi nene, makucha marefu, shoka begani, na uroho wa asali usio na kiasi. Mizinga yote ya upande ule alikuwa ameshaipasua, na nyuki wenyewe wamehama kwa ajili yake. Mkewe, Bi Tunu, alimpikia wali wa nazi, akampikia samaki wa kupaka, yeye anatazama sahani na kuuliza, "Na asali?"

Asubuhi moja alikuwa anapita njiani, tumbo wazi, akasikia kwenye gogo: vuuuuum.

Akasimama. Mate yakamjaa mdomoni.

"Hiyo sauti naijua," akasema. "Penye nyuki pana asali, na huyu kwa mvumo wake ni nyuki mnene. Asali yake itakuwa ndoo nzima!"

Akashusha shoka begani. Hapo hapo Feruzi akamrukia puani. "Vuuum! Rudi nyuma! Nitakuchoma mimi!"

Mbaruku akamtazama kwa macho mawili yaliyokutana katikati. "Haya, nichome."

"Nitakuchoma kweli!"

"Si nimesema nichome?"

"Nina... nina hasira sana leo!" Feruzi akasema, akirudi nyuma kidogo kidogo.

"Ondoka hapa, baba. Kama ungekuwa na mwiba ungeshautumia." Mbaruku akatema mate viganjani, akalishika shoka, akaliinua juu.

Bi Semeni alikuwa anarudi kutoka kwenye maua, miguu imejaa chavua. Aliliona lile shoka juu ya vyumba vya wanawe. Wanangu! Pigo moja tu na wote wamekwisha! Alitaka kulia. Lakini akajiambia, nikilia atapasua. Nikimwambia hamna asali hataniamini, atapasua aone. Nikimwambia imo, atapasua ale. Sasa nimwambie nini?

Akashuka taratibu juu ya gogo, akakunja mabawa kama mwanamke anayejifunga kanga vizuri.

"Bwana Mbaruku, hodi hata hupigi?"

"Nimekuja kula asali. Hodi ya nini?"

"Asali imo," akasema Bi Semeni. "Nimekukataza? Pasua. Ila itakuwa mbichi."

Shoka likabaki juu. "Mbichi vipi? Asali inakuwa mbichi?"

"Ya nyuki wa mzinga sijui, wale wanafanya haraka haraka. Hii ya sisi bambi inapikwa. Bwana Mbaruku, kwako mnapika wali?"

"Kila siku."

"Mkeo akishakausha wali, akafunika sufuria, akapalia makaa juu ya mfuniko, wewe unakwenda kufunua?"

Mbaruku akashtuka. "Thubutu! Nilifunua siku moja, mwiko ulinitua hapa." Akaonyesha utosi wake. "Mvuke ukitoka kabla ya wakati, wali wote unaharibika."

"Basi asali yangu nimeifunika, nimeipalia. Ukipasua sasa hivi, mvuke unatoka, utakuta chengachenga tupu. Hutakula wewe, sitakula mimi."

Mbaruku akashusha shoka nusu. Mlafi, lakini si mjinga wa kila kitu. "Nitajuaje kama husemi uongo?"

"Chini ya gogo hapo unaona nini?"

Akainama. Akaona kichuguu cha unga wa mbao, mweupe, laini.

"Machicha ya nazi!" akasema.

"Umesema mwenyewe," akajibu Bi Semeni. "Nyumba isiyopika inatupa machicha nje? Sasa tega sikio hapo mlangoni. Feruzi, ingia ndani ukaangalie moto."

Feruzi akaingia mbio. Huko ukumbini akakaza kifua na kutetemesha mabawa kwa nguvu zake zote, kwa vile hilo ndilo jambo aliloliweza. Brrrrrrr! Gogo zima likaanza kutetemeka.

"Aaah!" Mbaruku akafumba macho kwa raha. "Inatokota!"

"Inatokota, eeh."

"Itaiva lini?"

"Siku mvuke utakapotoka wenyewe mlangoni. Kabla ya hapo usiguse. Basi nenda nyumbani, utapata habari."

Mbaruku akapiga hatua, akasimama. "Na akija mwingine akafunua?"

Bi Semeni akajifanya hajawahi kulifikiria jambo hilo. "Mwingine nani? Labda Kigogota. Yeye anapita pita hapa kila siku na mdomo wake ule. Na Mzee Ndovu ana harusi ya bintiye, anatafuta kuni. Lakini mimi nitawazuia."

"Wewe? Wewe na yule mumeo wa dhahabu?" Mbaruku akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Hapana. Nitakaa mimi."

"Ha! Mtu mkubwa kama wewe, ukae mlangoni kwa watu kama bawabu? Majirani watasema nini?"

"Waseme watakavyo! Nimesema nakaa!"

"Usijisumbue, kaka yangu..."

"Nakaa!"

Akakaa. Bi Semeni akageuka upande ili asionekane anavyocheka, akaingia kwa wanawe.

Basi kazi ikaanza. Siku ya kwanza tu akaja Kigogota, kichwa chekundu, mdomo kama patasi. Akatua juu ya gogo. Ko-ko-ko-ko!

"Wewe!" Mbaruku akanguruma. "Unafunua nini hapo?"

"Sifunui kitu. Natafuta funza. Humu mna watoto wa bambi, wanono hasa."

"Muongo! Humu mna asali!"

Kigogota akaduwaa. "Asali? Mzee wangu, mimi nimezaliwa natoboa magogo. Bambi hana asali. Humu mna watoto wake, kila mmoja na chumba chake, na wewe umekaa nje kama..."

"Ala! Unataka niondoke ule peke yako! Ujanja huo nimeuzoea!" Mbaruku akaokota donge la udongo, akalirusha. Pwaa! Kigogota akaruka, unyoya mmoja ukabaki hewani.

"Haya, kaa!" akapiga kelele akiwa mbali. "Mtu unamwambia ukweli anakutupia udongo!"

Mnaona? Ukweli aliletewa mlangoni, bure, na akaufukuza kwa udongo.

Ikaja mvua. Mbaruku akaenda mbio nyumbani, akachukua jamvi lake la kulalia, akalifunika gogo. Mwenyewe akalowa mpaka kwenye mifupa, akipiga chafya, chyaa! chyaa! "Maji yasiingie kwenye asali," akawa anasema. Jua likiwaka, analiwekea kivuli cha makuti. Siafu wakijipanga, anawageuzia njia kwa majivu. Feruzi naye akawa anaelea juu yake na kuwaambia wapita njia, "Huyo ni mlinzi wangu. Nimemwajiri." Mbaruku anasaga meno, lakini anaogopa kumkosea mwenye nyumba kabla asali haijaiva.

Mwezi ukaandama, ukapevuka, na bwana hajarudi kwake. Bi Tunu akajifunga kanga, akachukua bakuli la maharage, akamfuata.

"Wewe mwanamume, umeolewa huku?"

"Shh! Mke wangu, usipige kelele, imepaliwa."

"Nini imepaliwa?"

Akamweleza yote, machicha, mvuke na kutokota kwake. Bi Tunu akasikiliza, mkono kiunoni. Mtu aliyepika tangu utoto humdanganyi mambo ya jikoni.

"Wali gani unapaliwa mwezi mzima?" akauliza. "Na moto uko wapi? Mimi sioni jiwe, sioni kaa, sioni moshi."

Mbaruku akakuna kichwa. "Eeh. Moto uko wapi, Bi Semeni?"

Huko ndani Bi Semeni alisikia. Watoto walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa, ila bado laini, bado vipofu, hata mabawa hayajafunguka. Akatoka mlangoni polepole.

"Bi Tunu, moto wangu uko ndani. Tia kidole uone."

Akarudi ndani kwa wanawe, na Bi Tunu akatia kidole kwenye tundu. Akakuta joto. Joto zuri, la mwilini, na chini yake mvumo mdogo wa mama anayetetemesha kifua juu ya wanawe ili wasipate baridi. Ndivyo bambi wanavyofanya. Wana koti la manyoya, na wana kifua kinachozalisha joto, na baridi ikija mama anajitetemesha mpaka nyumba inapata moto.

Bi Tunu akakitoa kidole. Akakitazama. Akamtazama Bi Semeni, aliyekwisha kurudi mlangoni, na Bi Semeni akamtazama yeye. Kisha akainama kama anayenusa.

"Shoga," akanong'ona, "joto hili silo la chungu. Mimi nimelea. Wangapi?"

Bi Semeni akasema kweli, kwa kuwa macho yale hayakuweza kudanganywa. "Saba. Tafadhali, mwenzangu. Atawapasua."

"Na huyu wangu anawalinda?"

"Anawalinda. Mvua ile yote."

Bi Tunu akauma mdomo. Mabega yakaanza kumcheza. Akavuta pumzi, akasimama wima, akamgeukia mumewe na uso mkavu kabisa.

"Mume wangu, hii bado sana. Sijawahi kuona chungu kama hiki. Nikusikie umefunua!"

"Sifunui mke wangu."

"Ukae hapa hapa. Chakula nitaleta mwenyewe. Nyumbani kuko salama." Akamwachia maharage juu ya jani, akaondoka na bakuli tupu, na alipofika kona watu walimwona ameshika mti, anacheka mpaka machozi. Tena nyumba ile ilikuwa imepumua. Hakuna aliyeuliza, na asali? Angeharakisha nini?

Sasa siku moja ardhi ikatikisika. Tindi! Tindi! Tindi! Mzee Ndovu huyo, amekuja kutafuta kuni za harusi.

"Masalkheri, Bwana Mbaruku. Nimeliona gogo lako. Kavu kweli! Hili litapika pilau ya harusi nzima." Akalizungushia mkonga.

"Weka chini!" Mbaruku akaruka, manyoya yamemsimama. "Weka chini nasema!"

"Kwani mna nini ndani?"

Mbaruku akapiga hesabu. Akisema mna asali, Ndovu ana tumbo la kumeza ndoo na gogo lake. "Hamna kitu," akasema.

"Kama hamna kitu, nachukua."

"Mna kitu!"

"Kitu gani?"

"Si kitu kikubwa..."

"Bwana Mbaruku, mimi nina wageni. Sema mna nini, au niondoke na gogo hili."

Jasho likamtoka Mbaruku. Akakumbuka jambo moja tu linaloweza kumzuia mwanamume mwenye adabu mlangoni, akalitamka bila hata kufikiri.

"Mna mzazi!"

Mkonga ukaganda. "Nani?"

"Mzazi. Mwanamke amejifungua, yumo ndani na watoto wake. Hajatoka arobaini."

"Lahaula!" Mzee Ndovu akaliachia gogo taratibu kama limejaa mayai, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha masikio kwa aibu. "Na mimi nimepiga kelele mlangoni kwa mzazi! Nisamehe sana. Sikujua. Na wewe umekaa kumlinda?"

"Ndiyo. Namlinda."

"Jua na mvua?"

"Jua na mvua."

"Mwenyezi Mungu akulipe. Nilidhani nyegere mna roho mbaya." Akaondoka kwa ncha za vidole, na ndovu kutembea kwa ncha za vidole ni kitu cha kuonwa. Alipopotea, Mbaruku akaanguka chini, akajishika mbavu.

"Ha-ha-haa! Mzazi! Nimempata! Bi Semeni, umesikia nilivyomdanganya yule mzee? Mzazi na watoto wake! Uongo mtamu kama huu sijapata kuutunga!"

"Nimesikia," akajibu Bi Semeni kutoka ndani. "Kaka yangu, wewe una akili sana."

Huko ndani Feruzi alikuwa amejiziba mdomo kwa miguu yote sita.

Lakini neno likishatoka lina miguu yake. Mzee Ndovu alimwambia mkewe. Mkewe akamwambia Bi Ngiri. Bi Ngiri, mkimwambia yeye, hamna haja ya kupiga mbiu. Mtaa mzima ukajua kwamba kwenye gogo la njiani mna mzazi, na Mbaruku, yule yule mpasua mizinga, anamlinda kama ndugu yake.

Siku ikafika. Asubuhi hiyo gogo lilivuma si kawaida. Vuuum, vuuum, vuuum, juu, chini, katikati. Mbaruku akaamka, akaweka sikio.

"Imechachamaa! Leo leo! Inaiva leo!" Akanawa mikono. Akanoa shoka. Akatandika jani la mgomba la kulia. Akakaa mbele ya mlango, ulimi nje.

Ndipo akasikia nyuma yake, "Li-li-li-li-li-liii!"

Vigelegele! Akageuka. Njia nzima imejaa. Mzee Ndovu kavaa kanzu. Mkewe kajitwika sufuria ya uji wa pilipili manga. Bi Ngiri na doti ya kanga mpya, ameikunja vizuri. Nyani, swala, kima, na nyuma yao wote Bi Tunu, kajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Tumekuja kumwona mzazi," akasema Mzee Ndovu. "Na kukushukuru wewe."

Mbaruku akaficha shoka nyuma ya mgongo. "Mza... mzazi amelala."

Vuuum! Mlangoni kikatoka kichwa. Kikatoka kifua cha manyoya, kikatoka kiwiliwili, kitoto cheusi chenye mkanda wa manjano, mabawa bado yana mikunjo. Kikapangusa macho. Kikaruka. Nyuma yake cha pili, cha tatu, cha rangi ya dhahabu, vuum, vuum, na vingine, vikajaa hewani vikigongana kwa furaha.

"Mashallah!" akasema mke wa Ndovu. "Wazuri hao!"

Mbaruku hakuwa na habari na uzuri. Alifikiri, huo ndio mvuke, umetoka, sasa zamu yangu. Akajitupa mbele ya watu wote, akachomeka ulimi wake mrefu kwenye tundu, akaupitisha ukumbini mpaka mwisho.

Akautoa. Umejaa unga wa mbao.

"Ptuu! Ptuu!"

Akachungulia. Vyumba vitupu. Akapiga jicho tena. Vitupu! Akayakumbuka maneno ya Kigogota, yote, moja moja, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekalia kigae.

"Bwana Mbaruku," Mzee Ndovu akauliza kwa mshangao, "ulimi wako unafanya nini ndani ya nyumba ya mzazi?"

Shoka nyuma ya mgongo likawa zito. Aseme kweli? Kwamba alikaa jua na mvua akingoja kuwapasulia nyumba? Kwamba nyuki mmoja alimweka bawabu mwezi na zaidi? Ndovu mbele yake alikuwa mkubwa kuliko alivyomkumbuka.

"Na... nafagia," akasema.

"Anafagia!" Bi Ngiri akapiga kofi. "Jamani, mmesikia? Anamfagilia mzazi kwa ulimi wake!"

"Li-li-li-li-liii!"

Bi Semeni akatoka. Alikuwa amekonda, manyoya ya mgongoni yamenyonyoka kwa kupita pita mlangoni. Aliwatazama wanawe saba wote wakiwa hewani, akafurahi mpaka mabawa yakamlegea. Kisha akasema kwa sauti ya wote kusikia.

"Majirani, huyu ndiye aliyewaokoa wanangu. Kigogota alikuja, huyu akamfukuza. Mvua ilikuja, huyu akatufunika kwa jamvi lake. Kuanzia leo si jirani tena, ni ndugu yangu. Watoto, njooni mumsalimie mjomba wenu!"

"Shikamoo mjomba! Shikamoo mjomba! Vuuum!" Wakamtua kichwani, mabegani, mmoja akatua puani, pale pale alipotua baba yake siku ile.

"Marahaba," akasema Mbaruku kwa taabu. Angesema nini? Salamu ya mtoto haikataliwi mbele za watu.

Feruzi akashuka karibu na sikio lake. "Karibu kwenye ukoo, shemeji. Kama kuna mtu atakusumbua, niambie mimi. Nitamchoma."

Mzee Ndovu akafuta machozi kwa mkonga. "Bwana Mbaruku, umetuaibisha sisi wakubwa kwa wema wako. Na mwakani mzazi akijaaliwa tena, je? Utakuwepo?"

Macho yote yakamgeukia. Ya Ndovu, ya Ngiri, ya nyani, na ya watoto saba wanaomwita mjomba. Mbaruku akamtafuta mkewe kwa macho amwokoe. Bi Tunu akajifunua uso, akasema kwa upole mwingi, "Atakuwepo. Na jamvi ataleta."

"Nitakuwepo," akasema Mbaruku.

Wakampa bakuli la uji, akanywa, akiwa amekalia jani la mgomba alilojitandikia mwenyewe. Na mpaka leo bambi anatoboa mbao zake bila wasiwasi, na nyegere akisikia vuuum anaangalia pembeni na kupita haraka, watu wasije wakamwuliza anakwenda wapi ilhali shemeji zake wako hapa.

Basi wanangu, anayekaa mlangoni kwa mwenzake akingoja kumla, mwisho humlelea watoto.